Msiba wa Treni Isiyofika Iringa

Ilitangazwa kwa vipaza sauti, kuanzia stendi hadi sokoni, kwamba tangu Jumatatu wakazi wote wa Iringa wanaililia treni ya mvuke. Tangazo lilitoka kwa Bwana Sosthenes Kikoti, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Majonzi ya Reli. Kwamba treni haijawahi kufika Iringa, ya mvuke wala ya dizeli, alishalitafakari. Mbeya wana stesheni, alieleza, wao wana cha kukumbuka. Sisi tumenyimwa hata kumbukumbu, kwa hiyo uchungu wetu ni mkubwa zaidi. Wakubwa Dodoma waliguswa, wakamdokeza kwamba majonzi yakishika vizuri kuna kiti cha ukurugenzi kinamsubiri. Sosthenes alikitamani kiti hicho kuliko treni yoyote duniani.

Kichwa chakavu cha treni kikapandishwa mlima kwa lori na kutuliwa ubavuni mwa banda la Faustina, mama lishe.

"Kamwene, mama," akasalimu Sosthenes. "Banda lipishe urithi. Hiki ni cha kuhifadhiwa milele."

Roho ilimuuma Faustina. Banda lile ndilo lililosomesha wanawe. "Kwa hiyo mheshimiwa, huu ni msiba kweli?"

"Msiba wa mkoa mzima."

"Na mfiwa ni nani?"

"Mimi hapa," akajibu, kifua mbele.

Kesho yake watu wakaja na mikeka. Msiba haususwi. Wanawake wakateka banda la Faustina likawa jiko la msiba, na jiko la msiba halivunjwi na mtu. Wanaume wakakoka moto. Sosthenes akatandikiwa mkeka kando ya gurudumu, akaambiwa atulie, wao watahangaika. Yeye atoe tu mchele na ng'ombe, kama mfiwa yeyote. Akatoa. Picha zikaenda Dodoma, Dodoma wakasifu. Mchele wa Madibira ukaisha, akaagiza mwingine.

Hatimaye simu ikaita: aripoti kesho, kiti kiko tayari. Akainuka, akakung'uta suruali. Adrian, fundi magari, Mngoni na hivyo mtani wa Mhehe kama Sosthenes, akamzibia njia.

"Mtani, wapi tena? Mfiwa haondoki kabla ya kuanua tanga."

"Basi anueni!"

"Tanga huanuliwa baada ya kuzika."

"Zikeni!"

"Tutazikaje, baba?" akauliza Faustina, mwiko mkononi. "Si ulisema cha kuhifadhiwa milele?"

Angemfokea nani? Mtani hakasirikiwi, tena msibani. Akapiga simu Dodoma kuomba amri ya kumwokoa. Mkubwa akasema ameziona picha zake pale mkekani, na zimemtoa machozi. Mwenye uchungu wa namna ile asisumbuliwe; kiti atapewa mwingine.

Sosthenes akakaa chini, akaangua kilio. Wanaume wakavua kofia kwa heshima.

"Maskini," akasema Faustina, akimwongezea mboga. "Kumbe alikuwa anaipenda kweli."