Mbwa wa Mwalimu Mkuu na Sindano ya Kuzindua

Jumatatu, 3 Juni
Nina hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi! Daktari wetu wa mifugo kamchagua shemeji kuwa msaidizi wa chumba cha upasuaji. Shemeji! Mdogo wa mke wangu, niliyemwombea kazi hapa mimi mwenyewe. Mimi nibaki kufua matambara na kushikilia paka. Eti nina haraka, mwenzangu ametulia. Ametulia au anasinzia? Cheo kile ni changu.

Jumanne, 4 Juni
Nimempata! Wanyama wa shemeji huamka taratibu mno baada ya upasuaji, wenye wanyama wanachoka kusubiri kwenye benchi. Na kabatini kuna sindano ya kuzindua, inaondoa nguvu ya dawa ya kutuliza papo hapo. Nitaamsha mbwa mmoja mbele ya watu. Daktari ajionee nani fundi.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Mbwa wa mwalimu mkuu alikuwa ameshahasiwa, kalala fofofo. Shemeji akaniomba nimwangalie kidogo, akaoshe vifaa. Nikadunga, nikakimbia kumwita mwenye mbwa aje aone maajabu. Tukamkuta kakakamaa miguu yote minne, analia, anajigonga kichwa ukutani. Akaning'ata kiatu! Kumbe alichanganyiwa na ketamini, dawa nyingine ya usingizi, nayo haina sindano ya kuizindua. Nimeondoa utulivu, nimeacha wazimu. Nani aliniambia? Hakuna! Shemeji akaingia, akazima taa, akamdunga kitu cha kumlegeza, akamfunika blanketi, akamshika kichwa mpaka akatulia. Daktari akauliza nani kafanya hivi. Nikaangalia dari.

“Kosa langu, daktari,” shemeji akasema. “Mimi ndiye niliyemwacha.”

Hata lawama ananiibia! Daktari akamsifu kwa uungwana wake.

Alhamisi, 6 Juni
Mwalimu mkuu kamweleza daktari kila kitu. Mdomo ule! Nimepewa onyo la mwisho: nikigusa kabati la dawa tena, kazi sina. Mke wangu kanuna, sahani kanisukumia. Eti namwaibisha mdogo wake. Mimi!

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kaja nyumbani, kakaa kwenye kiti changu, kanielekeza kwa upole. “Ketamini huisha yenyewe, shemeji,” akasema, “unasubiri tu, gizani, bila kelele.” Nilitamani kumrushia stuli. Nisubiri nini? Nimewaza nikagundua kosa lilikuwa la mbwa: mdogo mno, halafu ana wasiwasi. Kabati wamelifunga, lakini bawaba zake zina skrubu mbili tu. Kesho analetwa punda kuhasiwa. Punda ni mnyama mpole.