Nyumba ya Ainabkoi Isiyomfaa Mtu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mwenye nyumba amekuja mwenyewe leo, kofia mkononi. Hizi nyumba zetu za zamani hapa mtaa wa West Indies zinabomolewa. Anajenga ghorofa. Anasema Eldoret siku hizi ni jiji, na jiji haliwezi kukaa chini. Tuhame kabla shule hazijafunguliwa. Mke wangu Waceke akampa chai. Mimi singempa.

Kikao cha familia. Waceke anataka mahali karibu na lami, asichelewe kufungua duka letu la mapazia. Binti yetu Ciru, wa kidato cha pili, anataka netiweki. Mama yangu, ambaye tunaishi naye tangu magoti yaanze kumsumbua, alisema yeye anataka udongo tu. Miaka yote hii amekuwa akipanda dania kwenye mikebe ya rangi na hajawahi kulalamika. Nilikuna kidevu kama mtu anayefikiria. Kumbe nyumba ninayo tayari!

Wiki jana nilipeleka mapazia Ainabkoi nikaiona. Nyumba ya mawe ya enzi za masetla wa Kizungu, meko ukutani, mti wa plamu mlangoni, shamba nyuma, na kijumba cha mbao pembeni. Mwenyewe, Mzee Kimaiyo, anatafuta mpangaji. Sijamwambia mtu. Nitawapeleka bila kuwaambia tunaenda wapi, nifungue mlango, kisha nisimame kando nikipokea shukrani.

Kuna tatizo moja tu. Jirani yetu Nicanor naye ameambiwa ahame. Nicanor ni karani kwenye ghala la mahindi, mtu wa Bungoma, mpole kupita kiasi. Kila nikinunua kitu, yeye hununua kizuri zaidi, halafu anakuja kunisaidia kubeba changu. Mtu wa aina hiyo ni hatari.

Jumapili, 3 Agosti

Nimefanya kazi safi. Baada ya ibada nilimkuta Nanzala, mke wa Nicanor, nje ya kanisa. Ni mama mchangamfu, anafuma sweta kwa mashine na kuuza sokoni. Nikamwambia, kama jirani mwema, wasithubutu kutafuta nyumba Ainabkoi. Baridi ya kule si ya binadamu. Watoto wanaenda shule wakitetemeka, wazee wanalala na makoti, mbwa wenyewe wanaota jua saa sita mchana. Nikaongeza habari za nimonia. Alisikiliza kwa makini sana, macho yakimng'aa. Hofu, bila shaka.

Ili wasikose pa kwenda, nikamsifia Chepsaita. Joto zuri, majirani wazuri, maziwa mengi. Sijawahi kufika Chepsaita.

Nimekula chapati nne. Nimelala mchana kama mfalme.

Jumanne, 5 Agosti

Waceke amerudi kutoka chama cha akina mama akiwa na habari mbili. Kwanza, tusithubutu Ainabkoi, kuna nimonia. Pili, Chepsaita ni pazuri sana, ana hakika, kwa sababu kila mtu kanisani anasema hivyo. Nikauliza kila mtu ni nani. Akasema ni kila mtu. Amemwomba hata binamu yangu Wahome atupeleke Alhamisi na pikapu yake.

Nikasema labda hiyo baridi ya Ainabkoi imetiwa chumvi kidogo. Waceke akanitazama. Akasema mtu aliyewaambia wenzake habari hiyo ameokoa maisha ya mama yangu.

Sikumaliza chai.

Alhamisi, 7 Agosti

Chepsaita. Nilikwenda nikiomba pawe pabaya. Hapakuwa pabaya. Nyumba mpya, sakafu ya vigae, mahindi mabichi yamesimama kama askari. Mama mmoja jirani akatuletea maziwa bila kuulizwa, kama nilivyokuwa nimesema! Ciru akapata netiweki hadi chooni. Waceke alikuwa akitabasamu kwa kila kitu, hata kwa bomba.

Nikajitahidi. Nikasema ukuta una ufa. Wahome akaupangusa kwa kidole, ukawa utando wa buibui. Nikasema ni mbali na duka. Waceke akasema atazoea kuamka mapema. Alisema hivyo bila furaha nyingi, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria hilo.

Mama alitembea polepole hadi shambani, akainama kwa shida, akachukua udongo kidogo akausugua kiganjani. Tukiwa njiani kurudi ndipo alipozungumza.

“Pale ni pazuri,” alisema. “Lakini mimi nilizaliwa kwenye ukungu. Nilitamani asubuhi moja niamke niuone tena kabla sijafa.”

Nilitazama dirishani kwa muda mrefu. Kisha nikapata wazo.

Jumamosi, 9 Agosti

Wazo lilikuwa zuri. Liandikwe hivyo.

Waceke alikuwa dukani. Nikamchukua Mama, nikamwambia tunaenda kumwona daktari wa magoti, nikampeleka Ainabkoi. Mpango: apende nyumba, arudi amwambie Waceke, na Waceke hawezi kumkatalia. Mimi sitakuwa nimesema neno.

Tulipofika, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya shamba. Mama alisimama mlangoni akashika shina la mti wa plamu na hakuniuliza daktari yuko wapi. Mzee Kimaiyo alikuwa pembeni kwenye kijumba cha mbao na wageni fulani, akatupungia mkono tuingie. Nikataka Mama aone jinsi nyumba inavyopata joto. Nikapanga kuni kwenye meko, nikawasha. Moto ukashika vizuri. Moshi ukapanda kidogo, ukakutana na kitu, ukarudi wote chumbani. Ndege walikuwa wamejenga ndani ya dohani! Nikamtoa Mama nje nimemshika kiuno, mimi nikikohoa na yeye akicheka hadi machozi. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mazishi ya Baba.

Nilipopangusa macho nikawaona wale wageni wamesimama mbele yangu. Nicanor na Nanzala. Nanzala alikuwa na futi ya kupimia dirisha.

Akanishukuru. Mbele ya Mzee Kimaiyo na mbele ya mama yangu. Akasema tangu nimweleze habari za watoto wanaotetemeka hajapata usingizi, kwa furaha. Mahali pa baridi hivyo ndipo pa kuuza sweta! Alikuja Jumatatu, akaahidiwa. Mzee Kimaiyo akaongeza kwa upole kwamba anakodisha boma lote kwa pamoja, nyumba zote mbili, na Nanzala ndiye aliyetangulia.

Nicanor akanipa kitambaa nijifute masizi. Kisafi, kimepigwa pasi.

Mama alikuwa amechuma jani moja la plamu na alilishika mpaka tukafika nyumbani.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimejulikana. Nanzala alikuja jioni kumwona Waceke, na kwa moyo wake mzuri akaeleza kila kitu, tangu mwanzo, bila kuacha hata wale mbwa. Nilijifanya narekebisha bawaba ya mlango. Bawaba ilikuwa nzima.

Nanzala alipoondoka, Waceke aliniita nikakae.

“Baba Ciru, mimi Chepsaita nilikuwa najilazimisha,” alisema. “Ungesema tu unaipenda hiyo nyumba. Ningefunga mizigo siku hiyo hiyo.”

Nikamweleza nilitaka kumshangaza. Akauliza mtu anashangazwaje na nyumba ambayo kanisa zima limeambiwa inaua watu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mama naye akaanza kucheka kutoka jikoni.

Kumbe Nanzala hakuja kusema tu. Nyumba ya mawe ni kubwa mno kwao, yeye na Nicanor hawana watoto bado. Wao wanatosha kwenye kile kijumba cha mbao, na chumba cha mashine kinabaki. Alikuja kuuliza kama tutachukua ile kubwa. Waceke alikuwa amekubali kabla sijafika kwenye kiti.

Nilimwambia kwamba hilo ndilo hasa nililokuwa nimelipanga. Akaenda kupika.

Jumapili, 17 Agosti

Tumehamia. Nicanor alibeba kabati letu karibu peke yake, kisha akapanda juu ya paa akasafisha dohani. Viota alivihamishia kwenye mti. Ciru anapata netiweki akisimama juu ya jiwe fulani nyuma ya nyumba, na amegundua kwamba hapo pia huonekana bonde zuri. Waceke ameshatundika mapazia ya kijani sebuleni. Asubuhi anashuka kwa miguu hadi kwenye lami kupanda matatu ya kwenda dukani, na anasema hewa inamfaa.

Leo alfajiri nilimkuta Mama nje na shali lake. Ukungu ulikuwa umefika kiunoni mwake. Alikuwa anapanda vitunguu, taratibu, akiimba kwa sauti ndogo. Nikamletea kiti. Nikakaa naye. Sikukumbuka mara ya mwisho nilipokaa na mtu bila kupanga kitu.

Nimeapa mbele ya Waceke kwamba mbinu zimekwisha. Nitasema ninachotaka, waziwazi, kama watu wengine.

Mchana nilitembea hadi mtoni. Mzee Kimaiyo ana kipande kingine cha shamba kule chini, tambarare, kinakodishwa. Ni kizuri ajabu. Kinanifaa mimi hasa. Tatizo, nilimwona Nicanor akikitazama pia.

Kwa hiyo jioni nimemnong'oneza Nanzala, kama jirani mwema, wasikiguse kabisa. Kule chini ni maji matupu mvua ikinyesha, hapakauki hadi Krismasi, vyura wamejaa. Alinisikiliza kwa makini sana, macho yakimng'aa. Kisha akaniuliza kama ni kweli bata hupenda mahali penye maji.

Nikamwambia sana. Mama huyu ana maswali ya ajabu.