Skripti Isiyolalamika

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo ametangaza: kompyuta zote za hospitali zinahamia toleo jipya la mfumo wa Linux. Maabara leo, wodi baadaye. Macho yote yakanigeukia. Skripti, ile programu fupi inayopeleka majibu ya vipimo kutoka maabara hadi wodini niliiandika mimi, kwa toleo la zamani. Fundi mwenzangu, ambaye moyoni namwita Mjuzi, akauliza kwa upole kama nimeijaribu kwenye jipya. Nikasema zamani sana. Sijaijaribu. Akasema yuko tayari kuiandika upya. Upole wake ule! Anakitaka kiti changu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeijaribu kwa siri. Imegoma. Mstari wa kwanza unauliza toleo. Likiwa si la zamani, skripti inasimama. Niliuweka mwenyewe, enzi nilipokuwa mwangalifu. Nimeufuta. Ikaenda, lakini ikamwaga makosa kwa maandishi mekundu skrini nzima. Basi nikaongeza mstari: kosa lolote likitokea limezwe, kazi iendelee. Skrini safi! Nimemwita Mjuzi aone. Katazama weee, akaguna tu.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe amelazwa hapa hapa kwetu. Uvimbe tumboni, upasuaji kesho. Mke wangu hana raha. Nikamwambia atulie, majibu ya damu ya mama yatapitia kwenye skripti yangu. Akanishukuru. Nikajiona mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi mke wangu kapiga simu: muuguzi kasoma majibu, damu ya mama inatosha kabisa, anapelekwa chumba cha upasuaji. Nikatembea kifua mbele. Kwenye ngazi nikakutana na mtaalamu wa maabara. Akanipa pole. Pole ya nini? Akasema damu ya mama iko chini sana, kaipima yeye mwenyewe leo, bila shaka sasa wanamwongezea.

Nikaingia wodini. Nikafungua kompyuta ya wodi. Toleo jipya la maabara linaandika tarehe kuanzia mwaka. Skripti yangu inasoma kuanzia siku. Tarehe ya leo haikuielewa. Ikalimeza kosa, kama nilivyoifundisha, ikaendelea mpaka majibu inayoyaelewa. Ya mwaka jana, mama alipokuwa mzima.

Nikampigia Mjuzi azime kila kitu, nikakimbilia chumba cha upasuaji. Mlangoni muuguzi akanizuia: viatu. Nikavivua. Daktari ameshavaa glavu. Njiani nilikuwa nimetunga uongo mzuri, kuhusu umeme. Haukutoka.

“Daktari, majibu hayo ni ya mwaka jana. Usimpasue.”

Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi, na soksi zangu. Akavua glavu.

Ijumaa, 7 Machi
Mama kaongezewa damu, kapasuliwa salama. Anawaambia wodi nzima kwamba mkwe wake kamwokoa. Sikumkatisha, mgonjwa habishiwi. Mke wangu akaniuliza nilijuaje. Nikasema moyo uliniambia. Akanitazama kwa jicho la pembeni mpaka nikaaga.

Kikaoni hali ilikuwa mbaya. Mjuzi, aliyezunguka wodi zote jana kuhakikisha hakuna mgonjwa mwingine aliyetibiwa kwa majibu mabovu, alisoma mstari wangu wa kumeza makosa kwa sauti. Polepole. Mara mbili. Mkuu akauliza nilikuwa nafikiri nini. Nikasema sikutaka watu wasumbuliwe na maandishi mekundu. Skripti yangu imezikwa. Majibu yatabebwa kwa karatasi mpaka ya Mjuzi ijaribiwe kwenye matoleo yote mawili. Nikaomba radhi, nikasema nimejifunza. Sauti ilitetemeka vizuri.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepewa kompyuta ya stoo ya mashuka. Mkuu kasema huko siwezi kumuumiza mtu. Niweke toleo jipya, kisha nijaribu skripti zake zote, moja moja. Kazi ya siku nzima.

Nimemaliza kabla ya chai! Toleo jipya linajulikana kwa picha yake ya buluu kwenye skrini. Nimeichukua picha, nimeibandika juu ya toleo la zamani. Skripti zote zinakwenda kama maji. Mkuu kapita, kaiona buluu, kajaribu skripti mbili, kanipa mkono. Kasema kumbe nikitulia naweza. Kesho nianze chumba cha wagonjwa mahututi.

Picha nimeshaiweka kwenye flashi.