Vita Vyangu vya Kubingirika Kinyumenyume

Jumatatu, 6 Mei

Nne! Nimepewa nne!

Hisabati tano, alama ya juu kabisa. Kilatini tano. Historia, kemia, fasihi, kote tano. Hata muziki tano, na mimi sauti yangu ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Halafu mazoezi ya viungo: nne. Mwalimu Sremec kaitangaza mbele ya darasa zima huku anatafuna tufaha. Tufaha! Mtu anaharibu maisha ya mwenzake huku anatafuna!

Kosa langu: sijabingirika kinyumenyume. Wengine wote wamebingirika. Mimi kila zamu yangu ikikaribia tumbo huniuma, au hufunga kamba za viatu mpaka kengele ilie. Sremec anasema hataki miujiza. "Vugrinec, binti yangu, sikuambii uruke Mto Drava. Jaribu tu. Ukikwama katikati kama gogo, nakupa tano ya kukwama." Darasa likaangua kicheko. Nikawa mwekundu mpaka masikioni.

Hajui anachoomba. Ukibingirika, fulana inakufunika uso, miguu inabaki hewani kama ya mende aliyepigwa dawa, na darasa zima linatazama. Afadhali nife na heshima yangu.

Na kambi je? Kambi ya Kilatini kisiwani Vis, Julai nzima, mwanafunzi mmoja tu kutoka kila shule, na lazima awe na tano tupu! Nimeisubiri tangu nikiwa darasa la sita. Majina yanapelekwa Jumatano ya wiki ijayo. Nikibaki na nne, ataenda Lovorka Mihoci. Lovorka, ambaye swali lake pekee kuhusu kambi ni kama kuna ufuo mzuri wa kuota jua!

Nimeandika haya kwa kukandamiza kalamu. Karatasi imetoboka.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: hoja.

Mama anafundisha katika Kitivo cha Kinesiolojia, yaani analipwa kupima magoti ya watu wanaotembea. Vitabu vyake vimejaa sebuleni. Nimevisoma jana mpaka shingo ikakakamaa, kisha nikaandika insha ya kurasa sita kuthibitisha kwamba mtu mwenye shingo ndefu na mikono mifupi kama mimi hakuumbwa kwa ajili ya kubingirika. Michoro mitatu. Tanbihi kila ukurasa.

Nimempa Sremec asubuhi. Akaisoma palepale ukumbini, amesimama, kipenga mdomoni, kila akipumua kinalia. Kurasa zote sita! Moyo wangu ukapaa. Mwisho akasema hajasoma kitu kizuri namna hii mwaka mzima, ataenda nayo nyumbani akamsomee mkewe. Nikashukuru. Nikangoja. Akanyoosha kidole: godoro lile pale.

Lovorka, aliyekuwa ananing'inia kwenye kamba kama ngedere, akapiga kelele kutoka juu: "We Dorotea! Muda wote ulioandika ungekuwa unabingirika, saa hizi ungeshafika Zagreb!"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ilichekesha.

Jumatano, 8 Mei

Nyumbani hakukaliki. Jumamosi kitivo cha Mama kinatimiza miaka hamsini, na wahitimu wote wa zamani wamealikwa. Mama yumo kwenye kamati. Kamati imegawanyika: wengine wanataka vyakula vidogo vidogo vya kuchomwa vijiti, wengine wanataka maharage ya sufuria kubwa na soseji kama zamani. Leo wamegombana kwa simu wakati wote wa chakula cha jioni. Chetu kilikuwa mkate mkavu. Hakuna aliyeniuliza habari za nne yangu.

Nilipomweleza mwenyewe, Mama akasema basi si nibingirike tu, kwani kuna nini? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamjibu kwamba mwenye akili huchukua fagio. Akasema fagio liko nyuma ya mlango, na jikoni ni kuchafu.

Nikafagia kwa hasira. Lakini nikiwa nafagia nikasikia jambo! Mama alikuwa anamwambia mtu kwenye simu kuwa Profesa Žganec naye atakuja. Žganec ana miaka themanini na moja. Kila aliyepita kwenye kitivo kile alifundishwa naye kupinduka na kuning'inia, na mpaka leo wanamwogopa. Yupo mmoja sasa ni meya, na akimwona Žganec barabarani huficha sigara mfukoni ikiwa inawaka.

Na Sremec ni mhitimu wa kitivo hicho. Sremec ni mwanafunzi wa Žganec!

Kila fisadi ana mkubwa wake. Nimemwomba Mama nikawaonyeshe wageni viti vyao. Mimi, ninayejifungia chooni jirani akija kuomba chumvi! Karibu alie kwa furaha. Akasema hatimaye nimeanza kuchangamka.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwona Žganec. Alikuja kukagua ukumbi wa kitivo nilipokuwa napanga viti. Mzee mfupi, mgongo umenyooka kama rula, kichwa kinang'aa.

Nilikuwa nimekariri maneno. Haki, usawa, heshima ya mwanafunzi. Mdomo ulipofunguka ikatoka sauti ya panya. Akasema niongee kwa nguvu, hapa si kanisani. Ndipo ulimi wangu, sijui ulitumwa na nani, ukasema kwamba Mwalimu Sremec anawalazimisha watoto kubingirika kinyumenyume ilhali yeye mwenyewe hawezi tena.

Si uongo. Sijawahi kumwona akibingirika. Mwanasayansi husema alichokiona.

Wekundu ukampanda Žganec kuanzia kwenye kola mpaka utosini. "Sremec? Yule Sremec wangu? Hawezi?" Akauliza tena. Nikaitikia kwa kichwa, kwa huzuni, kama daktari. Akaondoka bila kuaga.

Ushindi! Atampigia simu leo. Atamkaripia. Sremec ataona aibu, na mwenye aibu hatoi nne. Nimekula vipande vitatu vya strudeli, keki ya jibini.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikitetemeka. Kwa hasira, si kwa woga.

Asubuhi ilienda vizuri. Nilionyesha watu viti. Mkuu wa kitivo alihutubia hadi mabega ya wazee wawili yakawa mito ya kulalia wenzao. Kisha maharage (upande wa Mama ulishinda). Ukumbi mzima wa michezo umejaa watu wenye mvi na suti, kila mtu na sahani, wanapigana mabega na kuambiana umenenepa.

Žganec akatoa kipenga mfuko wa ndani wa koti. Akapuliza mara moja.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Sahani zote zikawekwa chini. Madaktari, makocha, yule meya, Mama yangu mwenyewe, wote wakakimbia kwenye mstari mweupe wakajipanga kwa urefu, matumbo ndani. "Zdravo!" akasalimu mzee. "Zdravo!" wakaitikia kwa pamoja, madirisha yakatikisika, kama somo linaanza na wao wana miaka kumi na tisa. Mwisho wa mstari wanaume wawili walisukumana kwa sababu kila mmoja alidai mwenzake ndiye aliyepungua urefu tangu wamalize.

Žganec akamwita Sremec mbele. Akaagiza godoro. "Kinyumenyume. Sasa hivi."

Sremec akasema, kwa adabu, kwamba hajapasha mwili moto, na kwamba ana maharage tumboni. Mzee akamuuliza kama mwizi hupasha mwili moto kabla ya kukimbia.

Nilikuwa nyuma ya nguzo, nimeng'ata kitambaa cha meza. Anguka, nikaomba. Kwama! Kwama kama gogo!

Akavua koti. Akachuchumaa. Akabingirika kama mpira uliomwagiwa mafuta, akasimama wima, tai haijasogea. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Sikuwahi kumchukia mtu kiasi kile.

Hapo wakaingiwa na wazimu. Watu waliosomea mwili wa binadamu, wanaowafundisha wengine kila siku kwamba kwanza unapasha misuli moto, wakaona mwenzao amepigiwa makofi. Hakuna aliyekubali kubaki nyuma. Mkuu wa kitivo akabingirika, akabaki amekaa, akasema haoni vizuri. Meya akapasua suruali. Na Mama! Mama, ambaye ameandika sura nzima ya kitabu kuhusu kupasha mwili moto, akavua viatu, akasema "nipisheni kidogo", akaenda nusu. Nusu ya pili hakwenda. Wanne walimbeba.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Hapana. Žganec akanitafuta kwa macho, akanikuta, akaninyooshea kidole mbele ya mstari wote. "Binti huyu aliniambia huwezi tena. Amenidanganya au umefanya mazoezi jana?"

Wote wakageuka. Sremec akanitazama, mdomo ukacheza, akacheka mpaka akashika magoti. Hakukasirika hata kidogo, mnafiki! Akapigapiga godoro kwa kiganja. "Njoo, Vugrinec. Njoo, mama. Hapa kila mtu ameshaaibika, wewe hutaonekana."

Nikakimbilia chooni. Nimekaa humo mpaka walipozima taa.

Jumapili, 12 Mei

Mama amelala sakafuni kwenye zulia, hawezi kugeuka. Ananilaumu mimi. Nikamwambia sikumvua viatu. Akasema akiinuka nitamtambua.

Kisha akasema, akiwa anatazama dari, kwamba Sremec alimsindikiza mpaka kwenye gari na kumpa ujumbe aniletee: mpaka Jumatano mlango uko wazi, na kujaribu kunatosha. Akasema huyo mwalimu ananipenda kuliko ninavyostahili. Nikasema huo ni ujanja wa kuniangusha. Mama akafumba macho, akauliza kama nimetoka kwake kweli au nilibadilishwa hospitalini.

Nikapanda chumbani. Nilikuwa na hasira ambayo haina mahali pa kwenda. Nikatupa mto. Nikatupa kamusi ya Kilatini, nikaiokota, nikaiomba radhi. Nikakaa sakafuni nikajitupa nyuma kwa ghadhabu, nipige kichwa kila mtu ajute.

Sikupiga kichwa. Chumba kilizunguka, na nikajikuta nimepiga magoti nikitazama upande mwingine.

Nilikuwa nimebingirika.

Nikarudia, kwa uchunguzi. Nikabingirika tena. Nikarudia. Fulana ilinifunika uso na haikuwa chochote. Ni rahisi! Mtoto wa chekechea anaweza! Hata, nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa, ni tamu kidogo.

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 15 Mei

Siku ya mwisho.

Sremec amewatoa wote nje wakacheze mpira wa mikono uwanjani, ili ukumbini tubaki wawili. Akalaza godoro pembeni, nyuma ya vikapu vya mipira, mahali hata dirishani huonekani. Akasema, "Haya, binti. Ukitaka nigeuke ukutani, nageuka."

Nikamkabidhi hoja yangu mpya. Kurasa kumi na nne. Akaipima mkononi. Akauliza humu ndani kuna nini. Nikasema kuna uthibitisho kwamba tano ni haki yangu kwa sababu uwezo wa kubingirika ninao.

Akashtuka. Akauliza kama kweli naweza. Nikasema naam, vizuri sana, hata mara nyingi mfululizo.

"Basi nionyeshe."

Nikasema la. Nikibingirika sasa itaonekana nimebingirika kwa sababu ya maksi, na atakuwa ameshinda. Ni suala la msingi. Mtu mwenye haki haombwi alale chali.

Akanisihi. Mwalimu mzima alinisihi! Akasema Lovorka hajui hata Vis iko upande gani. Akasema atahesabu hata nusu. Akageuka ukutani bila kuombwa, akahesabu mpaka kumi kwa sauti, polepole, mwishoni polepole zaidi. Alipogeuka nilikuwa nimesimama palepale, mikono nyuma, kidevu juu.

Akakaa kwenye benchi akajifuta uso. Akaandika nne.

Lovorka anaenda Vis. Alipotangaziwa aliuliza kama ataweza kuchukua ubao wake wa kuteleza majini. Kisha akaja kunikumbatia, nikavumilia.

Nimerudi nyumbani nikabingirika kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, mpaka Mama akagonga dari kwa mpini wa fagio na kuuliza kama tumevamiwa. Nimefungua dirisha. Nimechonga penseli. Rufaa kwa Waziri wa Elimu imefika ukurasa wa tisa, na inatembea yenyewe. Nimemshinda Sremec kabisa. Ni yeye tu ndiye bado hajajua.