Evelio Ajitawala

Jumatatu, Oktoba 7
Profesa Arriaga katangaza mtihani wa aljebra, Ijumaa. Nikiboronga somo hili, uhandisi basi. Na Mama ameshawaambia wote kanisani, hapa San Antonio, kwamba analea mhandisi. Profesa anasema anayefaulu ni anayejitawala: apange muda, aweke simu mbali, aombe msaada. Mawili ya kwanza nayaweza. La tatu nimemwachia binamu yangu Ulises, anayeshinda chumba cha msaada wa hesabu kama mgonjwa kliniki. Nimechora ratiba ya rangi. Imependeza. Imekula siku nzima.

Jumanne, Oktoba 8
Nimemkabidhi Bibi simu, asinirudishie hata nikilia. Akapiga Maricruz, msichana ninayemvizia tangu Agosti. Bibi akapokea. Akamwambia nimefungiwa nisome kwa kuwa kichwa changu kizito. Wakaongea mpaka supu ya pozole ikaiva. Jumapili Maricruz anakuja kula. Anakuja kwa ajili ya Bibi, si yangu. Hesabu sijagusa. Nilikuwa mlangoni nasikiliza.

Jumatano, Oktoba 9
Nimejibanza maktaba, nyuma ya rafu iliyo jirani na chumba cha msaada, nisikie wanavyofundishwa, nisaidike bila kuomba. Swali moja nimelidaka vizuri. Mengine yote ni "hii ihamishie huku, ile futa", na ubao siuoni. Mkutubi akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikasema natafuta kitabu cha ndege. Akaniletea vitatu.

Alhamisi, Oktoba 10
Ulises kaja kula tamale. Akaniambia mbele ya Mama, bila kejeli: "Binamu, twende wote chumba cha msaada kesho asubuhi kabla ya mtihani. Mwaka jana hata mimi nilifeli. Nililia ndani ya gari."
Mama akaacha kupakua. Nikasema mambo yangu yako sawa. Mama akamwongezea Ulises maharage. Mimi hakunitazama.

Jumatatu, Oktoba 14
Nimefeli. Ulises kafaulu. Profesa kaniita ofisini. Swali moja tu nimepata, lakini kwa njia safi kabisa. Akauliza nani kanifundisha. Rafu ya maktaba sikuitaja. Akasema imebaki nafasi moja, mtihani wa Desemba, na Alhamisi atakaa nami mwenyewe. "Evelio, hakuna aibu. Njoo tu na yale usiyoyajua."
Maneno yamenigusa. Nimekubali kwenda. Ila nimemwomba tusogeze hadi mwezi ujao, kwanza nizielewe hesabu zote peke yangu. Siwezi kwenda pale nikaonekana sijui.