Bandeji ya Mgomba

Sukari alikuwa kwa kinyozi redio iliposema kwamba wataalamu wanatengeneza bandeji kwa nyuzi za mimea, na vidonda vinapona vizuri. Wateja wengine walisikia sayansi. Yeye alisikia chakula cha mchana.

Haikupita wiki akawa na sanduku la vipande vya maganda ya mgomba, vimepakwa rangi ya kijani na kufungwa kwa karatasi za kumeremeta. Utomvu wa mshubiri uliteleza, basi akatumia gundi ya fundi viatu. Wajinga ndio waliwao, na Sukari alikuwa na njaa.

Akaegesha pikipiki nje ya duka la dawa. Katika mali zake zote, ni hiyo tu aliyoipata kihalali, na aliipenda kuliko ndugu zake.

Ndani, mama mmoja wa makamo, koti jeupe mwilini, alikuwa akipekua droo ya mauzo.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea mkombozi wa vidonda."

"Marahaba, mwanangu. Inashika lakini? Za siku hizi mtu akipiga chafya zimebanduka."

"Mama, hii ikishika, imeshika!"

Akaweka funguo mezani, akalaza kiganja juu ya mbao, akaufunika mkono kwa bandeji pana hadi kingo zikalala mezani. Kwa kawaida huibandua haraka, kabla gundi haijakauka. Lakini mama huyu alijua kusikiliza.

"Na hizo nyuzi zinajuaje pa kuponya? Nieleze taratibu, shule sikufika mbali."

Tapeli gani atakataa sikio kama hilo? Akaeleza, akapamba, akataja vyuo ambavyo havijajengwa. Alipovuta mkono, haukutoka.

"Kweli imeshika," mama akasema kwa heshima. Akavua koti, akalitundika msumarini, akatia mauzo kwenye mkoba, akaokota funguo. "Mwenye duka kaenda kula, kaniomba nimwangalizie. Msalimie sana."

Pikipiki iliwaka kwa pigo la kwanza, ile ile ambayo kwa Sukari hugoma kila asubuhi. Hilo ndilo lililomliza.

Mwenye duka aliporudi alikuta droo tupu na mgeni aliyegandana na meza.

"Mwizi gani huyu anayemsubiri mwenye mali?" akashangaa, akaenda kutafuta kisu na mafuta ya taa. Sukari alibanduka, ila ngozi kidogo ilibaki mezani.

"Pole, kijana. Tufunge kidonda kwanza." Mzee akafungua sanduku la Sukari lililokuwa pale mezani, uso ukamchangamka. "Ala! Si ndizo hizi za mimea? Nimezisikia redioni!"

Sukari akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mzee wangu, nakuomba," akasema. "Nifunge hata na soksi."