Navigeta Wangu Yuko kwa Kamaljit

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Siku ya kwanza ya likizo. Mume wangu amenisaliti.

Saa kumi na nusu nimeweka chai mezani, nimewasha kompyuta, nimevuta viti viwili. Baba Wangare hayupo. Aliaga kwamba anaenda kuuliza kama lori la viazi limetoka Molo. Lori gani? Nimemsikia kwa masikio yangu, ng'ambo ya ua: "Kushoto kali! Mita mia! Ruka!" Sauti yake. Nyumbani kwa jirani, mzee Kamaljit!

Miaka minne sasa tunacheza rali kwenye kompyuta aliyotuachia binti yetu Wangare alipoenda chuo Eldoret. Mimi dereva. Mume wangu Ndung'u anakaa ubavuni kwangu na daftari lake, ananisomea kona kabla hazijafika. Ndiye navigeta wangu. Hata siku ya harusi hatukukaa karibu hivyo.

Nimepanda juu ya ndoo nikachungulia. Kamaljit, ambaye ujana wake wote alikuwa fundi wa magari ya rali ya kweli, amenunua kompyuta mpya na mchezo mpya. Kwenye kioo vumbi linatimka kama la Longonot mwezi wa pili. Mbuzi wa kando ya njia wana pembe, wana ndevu! Mbuzi wa kwetu ni maboksi ya kahawia.

Ndoo imepinduka. Goti limevimba. Nimemwambia Ndung'u niliteleza nikianika nguo.

Jumanne, 7 Agosti

Mpango.

Nimempelekea Kamaljit sukuma wiki. Nikamweleza, kwa uso wa msiba, kwamba stima ya hapa mtaani Section 58 imeharibika tabia, inapanda na kushuka, inaunguza mashine za watu. Heri aizime hiyo yake mpaka Krismasi. Alinishukuru sana. Alisema hajapata jirani mwenye roho kama yangu.

Saa nane amerudi kutoka mjini na sanduku zito jeusi la kutunza stima. Sasa stima ikipotea, yeye anaendelea tu.

Saa kumi na moja ikapotea kweli. Mimi nimekaa mbele ya kioo kilichokufa. Ng'ambo ya ua: "Kulia kidogo! Shika hapo hapo!" Kisha kicheko. Ndung'u hajawahi kucheka kwenye kona yangu hata moja.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimepata dawa. Mashine! Mume hakimbii mke, anakimbia mbuzi wa maboksi. Nikiwa na mchezo ule mpya nyumbani, atarudi.

Nimeenda mjini kwa Tanveer, kijana anayeuza vifaa vya kompyuta. Nikamwambia nataka kumbukumbu. Akaniuliza za nani. Nikamwambia za kompyuta, kijana! Akasema, "Aa, RAM! Si ungesema, mwalimu." Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na tisa, nimelazimika kuomba ram.

Akataka kujua kompyuta yangu ni ya mwaka gani. Nikaona huo ni umbea. Tanveer ndiye aliyemuuzia Kamaljit, habari zingefika kabla yangu. Nikamwambia ni mpya kabisa.

Nyumbani ram imekataa kuingia. Pengo lake halilingani na jino la tundu. Nimesukuma kwa kidole gumba. Nimesukuma kwa mpini wa mwiko. Kitu kikalia ka! nikaacha.

Nimerudi mjini. Tanveer ameigeuza ram mkononi, ameniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyesema mbwa ndiye aliyekula insha. "Mwalimu, hii haiwezi ingia kwa madabodi ya kitambo. Lazima ubadilishe madabodi." Na madabodi mpya, ule ubao unaobeba vyote, inataka prosesa yake. Na diski yangu ndogo imejaa, mchezo hautatosha. Kwa hiyo na diski, na mchezo wenyewe. Koti langu la baridi litasubiri mwakani.

Tanveer amejitolea kuja kuunganisha bila malipo. Nimekataa. Jasusi.

Nimeficha kila kitu ndani ya debe la unga.

Jumamosi, 11 Agosti

Ndung'u amepanda Molo asubuhi. Nimefungua kompyuta juu ya meza ya kulia.

Kazi rahisi kuliko nilivyodhani! Nimetoa madabodi ya zamani, nimepangusa unga kwenye mpya, nimeilaza chini na kuifunga kwa skrubu. Vimebaki vijiguu tisa vya shaba. Vya ziada, bila shaka. Nimevitupa kwenye kopo la vifungo. Ram imeingia yenyewe, kwa adabu. Diski imekaa. Nimebonyeza swichi.

Kimya.

Nimebonyeza tena. Nimeipiga kofi. Nimeisemesha kwa upole. Kimya, na harufu ndogo kama ya chapati iliyosahauliwa.

Hapo hapo Baba Wangare akaingia na gunia la viazi begani. Nikamwambia napangusa vumbi. Akatazama meza, skrubu, unga. Alitua gunia, akatoka, akarudi na Kamaljit!

Mzee amekuja na bisibisi zake zimefungwa kwenye kitambaa kama vijiko vya fedha. Ametazama mara moja tu. Ameuliza viguu viko wapi. Kumbe madabodi haifai kugusa bati la sanduku, lazima isimame juu ya viguu hivyo, la sivyo stima inapita isipotakiwa. Nimeviokota kwenye kopo la vifungo mbele ya wanaume wawili. Amevifunga vyote tisa. Amebonyeza swichi. Feni ikazunguka!

Nilitaka kufurahi. Sikuweza. Mashine ya kumshinda Kamaljit imefufuliwa na Kamaljit.

Tena hakuwa na haraka ya kwenda. Amekaa mpaka Windows imeingia, amekunywa chai vikombe viwili, kisha Ndung'u alipotoka kuosha mikono akaniinamia. "Mwalimu, bwana yako nasema wewe naendesha mzuri kushinda mimi. Mimi nagonga mti kila siku. Nagonga, sisi nacheka, nagonga ingine. Wewe nagombeza yeye sana."

Sijui alitaka kusema nini. Labda ana wivu.

Jumatatu, 13 Agosti

Leo! Chai, mandazi, viti viwili. Mchezo mpya umewaka. Vumbi, jua, kila jani na kivuli chake. Mbuzi wenye pembe, nimehesabu sita. Ndung'u amekaa ubavuni kwangu, bega kwa bega, amefungua daftari. Amesema, "Haya, Mama Wangare, twende." Moyo wangu ulijaa. Karibu nilie.

Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu akasema "kulia", nikaenda kulia, tukaingia bondeni.

Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba "kulia" peke yake si sentensi. Kulia kali au kulia kidogo? Tukaanza upya. Akasema "kulia kali" lakini kwa kuchelewa. Mti. Nikamweleza tena, kwa utulivu wa sauti ya juu kidogo. Mara ya tatu akanyamaza kabisa, tukagonga mbuzi mwenye ndevu. Hapo nilisimamisha mchezo, nikachukua daftari, nikaona chanzo. Mwandiko! Hakuna hata nukta moja! Nikatoa kalamu nyekundu nikamsahihishia kurasa nne. Nimempa kumi na moja kwa ishirini, na hiyo ni huruma.

Akafunga daftari pole pole. Akasema anatoka kununua kadi ya simu.

Simu yake iko hapa mezani.

Baada ya dakika tano, ng'ambo ya ua, mti umegongwa. Wamecheka wote wawili mpaka Ndung'u akakohoa. Nimekula mandazi yote.

Jumanne, 14 Agosti

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na jibu. Nimechunguza jambo hili bila upendeleo na kosa liko wazi kabisa.

Ni kadi ya picha.

Madabodi yangu inachora picha yenyewe. Kamaljit ana kadi ya kando. Kwake kona inaonekana mapema, kwa hiyo navigeta hachelewi, kwa hiyo hakuna ugomvi, kwa hiyo wanacheka. Rahisi hivyo! Imekuwaje sikuona?

Tatizo ni kwamba sijui kadi yake ni ya aina gani, na Tanveer atapiga domo nikimuuliza.

Lakini Mungu si Athumani. Ndung'u amekuja jikoni asubuhi, akasema kwa sauti ndogo kwamba Kamaljit anatualika leo saa kumi, sisi wote wawili. Tucheze kwa zamu, watatu. Nisije na kalamu. Akaongeza kwamba angependa sana niende. Alinishika bega aliposema hivyo.

Nimekubali papo hapo. Amefurahi mpaka ameosha vyombo.

Nitabeba rula. Wakienda kuchukua chai, nafungua sanduku la kompyuta nipime kadi yake.